Maji Hupaa, Chumvi Hubaki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama sebuleni kwangu hapa Singida mjini na dumu la maji ya Ziwa Singidani mkononi, najiandaa kuyamimina baharini. Usicheke. Bahari ilikuwa mle mle ndani, kwenye tangi la kioo lisilozidi ndoo mbili.

Shule sikusoma, niliishia darasa la nne. Lakini uliza, Mtinko hadi Iguguno, nani alianza kwa kubeba magunia ya alizeti mgongoni na leo ana mashine yake ya kukamua mafuta. Utatajiwa mimi. Basi nilipomwoa Mwanaidi, binti wa Tanga, nikamwona kila jioni anatazama ukuta kama anayesubiri maji yajae, nikasema: kama bahari haiji Singida, nitaileta.

Nikaileta. Fundi wa samaki wa mapambo kule Dar es Salaam aliniuzia mawe ya baharini, pampu, taa na chumvi yake maalumu. Akaniamuru nisubiri majuma kadhaa, maji yazoeane na mawe. Hapo nilitii. Ndipo akanipa vipande vya matumbawe laini alivyootesha mwenyewe, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Akanipa na kipima chumvi. Hicho nilikitupa kabatini. Mimi, niliyekulia kando ya ziwa la chumvi, nipimiwe chumvi?

Mwanaidi akaanza kucheka tena. Wale samaki akawaita wajomba zake.

Sasa, kiangazi chetu unakijua, upepo wake unakunywa maji hata mtungini. Kila asubuhi tangi limepungua, na kila asubuhi mimi nakoroga maji ya chumvi, najazia. Matumbawe yakajikunja kama ngumi. Samaki mmoja akalala pembeni, anahema. Mwanaidi hakunilaumu. Alisema tu, taratibu, "Hata wao wameshindwa kuishi huku."

Hilo "hata wao" lilinichoma, mwanangu. Nikakimbilia ziwani na dumu, nikidhani chumvi ya dukani haiwatoshi.

Niliporudi nikamkuta shangazi yangu amekuja kutoka Mtinko. Huyu alilea watoto wake kwa kuchemsha chumvi ya ziwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Weka chini hilo dumu. Unawapa nini wageni?"

"Maji ya chumvi. Si ndiyo chakula chao?"

"Chumvi ya ziwa letu ni yetu, hao wana ya kwao. Na siku zote ulikuwa unawaongezea nini?"

"Hiyo hiyo ya kwao. Maji yakipungua, najaza."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mtoto wa kaka yangu! Umeota moto wa chungu changu utoto wako wote. Maji yakikauka, chunguni hubaki nini?"

"Chumvi."

"Basi kilichoondoka ni maji matupu. Unawachemsha wenzako bila moto!"

Nikatoa kipima kabatini. Chumvi ilikuwa imepita alama, mbali. Kwa pupa nikanyanyua ndoo nzima ya maji ya mvua tuliyokinga tangu masika. Mwanaidi akanishika mkono. "Kikombe, mume wangu. Utawaua kwa mshtuko."

Kikombe basi. Tukakaa wawili mbele ya kioo, tunamimina kidogo, tunapima, tunangoja, na kesho yake tena. Katika kungoja akanisimulia Tanga yote, mambo ambayo sikuwahi kumuuliza. Mpaka asubuhi moja nikiwa uani nikasikia, "Njoo! Wajomba wanakula!" Na matumbawe yamefunguka, yanapunga kama vidole vya mtoto.

Bado yapo. Yameongezeka, nikwambie, hakuna mwingine mkoa huu mwenye kitu kama kile.

Basi shika hili, mwanangu. Ukifuga bahari ndogo, weka alama kwenye kioo. Maji yakishuka, jazia maji yasiyo na chumvi wala dawa ya maji ya bomba, na kipima kisikae kabatini. Kuuliza si ujinga, na kupima si woga. Na nyumbani kwako vivyo hivyo: kabla hujajaza, jua kilichopungua. Mimi nilikuwa namjazia mke wangu vitenge na dhahabu, naye alipungukiwa na mtu wa kukaa naye.

Mungu akupe jicho la kuona kilichoondoka, na subira ya kukirudisha kwa kikombe. Na nyumba yako isikaukiwe, hata upepo wa kiangazi uvume vipi.