Bata Kiunoni

Wallahi, uso wangu sijui niufiche wapi. Mimi ni mwangalizi wa bwawa katika hoteli moja huku Shanzu, na saa ya wanawake nawafundisha akina mama kuogelea. Juzi akashuka binti mgeni kutoka Ireland, mrefu, mabega kama ya mchukuzi wa bandarini. Akawa anatembea tu kwenye maji ya kiunoni, mkono mmoja kaushika ukingo. Nikamwonea imani. Maskini, mtoto anaogopa maji!

Alipofungua kinywa kunieleza, nikamkatiza kwa Kiingereza changu: "Nyamaza, mwanangu, hofu si aibu." Nikamvisha boya la watoto, lile la bata wa manjano. Nikamfundisha kupuliza mapovu. Akapuliza, kwa adabu kabisa. Akina mama wakampigia vigelegele, na jirani yangu Mama Zuhura akamtunza leso, kama atunzwavyo bibi harusi.

Nami kwa kunogewa nikamvua lile boya, nikalivaa mwenyewe, nimwonyeshe miguu inavyopigwa.

Ndipo mamake akatokea na simu mkononi.

"Ahsante kwa kumliwaza," akaniambia. "Aliumia bega mazoezini. Daktari amemruhusu kutembea majini tu."

Akatuonyesha picha: binti yule yule, kofia ya kuogelea ya timu ya taifa lao kichwani, medali ya dhahabu kifuani.

Mama Zuhura akaitazama picha, kisha akanitazama mimi, na bata wangu kiunoni.

"Mwalimu," akaniuliza, "kwani wewe ulifundishwa na nani?"