Baba Aliyefishwa Mtandaoni

Alikuja asubuhi, akavua kofia mlangoni, akatusalimu mmoja mmoja kwa utaratibu mpaka akafika mezani kwangu. Aliniuliza hali yangu, akaniuliza ya nyumbani, akataka kujua kama Msambweni mvua imenyesha. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, nimeambiwa wewe ndiye unayeshughulika na mambo ya watoto wa shule yaliyo kwenye kompyuta. Nimekuja kuuliza ni nani aliyeniua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamvutia kiti.

Ni kweli kazi hiyo ilikuwa yangu, na mpaka leo ni yangu. Nilisomea ualimu, nikafundisha kompyuta kwa muda, halafu nikaletwa ofisi ya elimu kuangalia vifaa vya shule za huku kwetu pamoja na taarifa za wanafunzi. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda nimekaa. Siku nyingi huwa niko njiani, nikikusanya vishikwambi vilivyovimba betri kwa joto, nikisugua kutu ya chumvi kwenye matundu ya chaji, au nikiwabembeleza walimu wasiandike neno la siri mahali pa wazi. Shule moja nililikuta limeandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa ofisi, na chini yake wameongeza: "Usifute."

Kuhusu siri za watoto, nilikuwa nikisema yale niliyofundishwa kusema. Jina kamili la mtoto, siku aliyozaliwa, kwao ni wapi, anaumwa nini, si mambo ya kuachwa ovyo. Walimu waliitikia, wakanywa chai, wakaenda zao. Siwalaumu. Hata mimi sikuwa nimemwona mtu aliyeumizwa na jambo hilo, mpaka huyu baba alipokaa mbele yangu na kofia yake mapajani.

Alikuwa fundi wa magurudumu ya malori, Mackinnon Road. Kwao ni Samburu ya huku pwani, lakini alioa Kinondo, na mkewe na watoto waliishi huko kwa wakwe. Yeye alikuwa akija kila mwisho wa mwezi. Weusi wa mpira ulikuwa umemwingia kwenye mistari ya viganja, na aliponipa simu yake aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue.

Ilikuwa tovuti ya kikundi cha wafadhili kutoka Ulaya waliokuwa wakiisaidia shule moja ya msingi upande wa Kinondo. Palikuwa na picha ya msichana wa gredi ya sita, ukosi wa sare umekaa upande, anatabasamu kidogo. Kando yake jina lake lote, shule yake, kijiji chake, siku yake ya kuzaliwa. Chini yake maneno ya Kiingereza.

"Dereva mmoja ndiye aliyeiona," alisema. "Alikuwa akimtafutia mtoto wake wafadhili, akaliona hilo jina la mwisho. Mimi niko chini ya lori lake nafunga nati. Akaniinamia, akaniuliza, fundi, una binti Kinondo? Nikamwambia ninaye. Akasema, basi huku wewe ni marehemu."

"Pole, baba."

"Nisomee na wewe. Nataka nisikie kwa mtu wa ofisi."

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Kwamba baba wa msichana huyu hayuko tena duniani. Kwamba mama yake anahangaika peke yake, na siku nyingine mtoto hulala na njaa.

Alitikisa kichwa. "Hilo la njaa, labda siku moja moja. Sisemi sana hapo. Lakini mamangu kule Samburu ameletewa habari hii na majirani. Nimempigia, tumezungumza, sauti yangu anaijua. Ananiambia sauti si kitu, njoo nikuone. Nimeanzia huko. Amenishika hapa na hapa." Akajigusa mashavu. "Ndipo akakubali kula."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilimwambia kesho yake tukutane shuleni.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, msafi wa mavazi, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, mwanangu, akatuagizia mahamri na chai. Fundi alipojitambulisha, mwalimu mkuu alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Subhanallah," kisha akainuka kufunga mlango.

Hakukana kitu. Wageni walikuwa wamekuja muhula uliopita, wakakaa na watoto mmoja mmoja chini ya kivuli cha darasa, wakipiga picha na kuuliza maswali. Yeye aliona hakuna ubaya. Wageni hao ndio waliojenga jiko la shule, ndio waliolipia maharagwe na mahindi ya mchana.

"Ulipata ruhusa ya wazazi?" niliuliza.

"Mwanangu, mzazi gani wa hapa angekataa?"

"Mimi," alisema fundi, taratibu.

Mwalimu mkuu akachovya hamri kwenye chai, akaliacha humo mpaka likalainika. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe unajua sheria, nami siibishi. Lakini nikiwaambia watoe picha, watatoa na chakula. Mchana wakilia njaa, watakuja ofisini kwako?"

Niliomba tumwite msichana mwenyewe.

Aliingia, akamwamkia kila mtu, akaenda kusimama karibu na kiti cha babake. Nilimwuliza wageni walimwuliza nini. Akasema walikuwa na simu inayozungumza: wao wakisema Kizungu, simu inasema Kiswahili, na yeye akisema Kiswahili, simu inasema Kizungu. Walimwuliza babake yuko wapi.

"Ukasema nini?"

"Nikasema baba hayupo." Alimtazama babake kwa woga kidogo. "Kwani ulikuwepo?"

Fundi aliweka mkono juu ya mdomo. Mabega yalimtikisika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akicheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, nami nikacheka, maana ni neno tunalolisema kila siku, mtu akiwa sokoni, akiwa safarini, na pia akiwa kaburini, na sisi wenyewe hatukosei ni lipi. Nilidhani basi jambo limekwisha hapo. Kosa la mashine, tutalirekebisha, tumalize chai.

Msichana hakucheka. Alisubiri mpaka tukanyamaza, akasema, "Na yule mtu aliyenipa hongera ya kuzaliwa, naye aliniona kwenye simu?"

"Mtu gani?" babake aliuliza.

Alikuwa ametoka dukani kununua mafuta ya taa. Mwanamume asiyemjua alisimamisha pikipiki, akamwita kwa jina lake lote, akamwambia hongera, leo ndiyo siku uliyozaliwa. Akamwambia anamjua, anajua anasoma wapi, anajua hana baba, na kama akitaka lolote amwambie yeye. Msichana alidhani ni ndugu wa upande wa Samburu. Lakini yule mtu alipomwambia apande ampeleke nyumbani, alikimbia, mafuta yakamwagika, akagombezwa na nyanyake.

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa mafuta tu."

Fundi alisimama. Nilidhani atapiga kelele, akaishia kumvuta mwanawe kwake na kumshika kichwa, akitazama dirishani. Alikuja kwa sababu ya jina lake mwenyewe, kwa aibu ya kutajwa maiti mbele ya madereva. Sasa hilo lilimtoka kabisa usoni. Mwalimu mkuu alisukuma kikombe kando, akaniuliza kama naweza kuifungua hiyo tovuti hapo kwenye laptopu ya shule, tuione yote.

Tuliifungua. Walikuwamo watoto wengi wa shule ile, kila mmoja na kijiji chake na siku yake ya kuzaliwa, wengine na maradhi yao. Mmoja aliandikwa ugonjwa ambao hata shangazi zake nina hakika hawakuambiwa. Mwalimu mkuu alisoma kidogo, akaondoa miwani, akasema, "Funga, mwanangu. Funga, walimu wanapita."

Mama aliyekianzisha kikundi kile alikuwa Diani wakati huo, katika nyumba ndogo anayoipanga kila mwaka. Mwalimu mkuu alimpigia, naye akatukaribisha jioni ileile. Sisi watatu tulikwenda, fundi akiwa amejisugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka ikawa myekundu. Yule mama alikuwa mzee, mwembamba, anayesema Kiswahili cha hotelini, cha maneno machache yaliyonyooka. Alituwekea juisi ya ukwaju. Mwalimu mkuu akamwonyesha fundi kwa kiganja na kumwambia, "Huyu ndiye baba wa yule msichana."

Yule mama hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikaa chini. "Pole sana, baba," alisema. "Mimi sikujua. Pole sana."

"Nimepoa, mama," fundi alimjibu. "Kufa kwangu si neno. Ila kuna mtu amemfuata mwanangu njiani, anamjua kwa jina, na amemjulia kwako. Naomba umtoe. Wote uwatoe."

Nilimweleza kuhusu yule mtu wa pikipiki, na kwamba sheria ya nchi inataka mzazi aridhie kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Hakubisha, lakini alieleza, na maelezo yake hayakuwa ya kijinga: watu wa kwao wakiona uso na jina hutoa, wakiambiwa tu kuna shule ina njaa, hawatoi. Amejaribu. Kisha akasema kama anayezungumza peke yake kwamba mwanawe amemkataza kuweka picha za wajukuu zake popote mtandaoni, na yeye amekubali, hata hakuuliza kwa nini.

Akachukua simu, akampigia mpwa wake anayeiendesha ile tovuti. Walizungumza kwa lugha yao kwa muda mrefu, sauti yake ikipanda. Kabla hatujamaliza juisi, nilipofungua ukurasa ule, majina na picha vilikuwa vimetoka.

"Na chakula?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Nitajaribu," alisema. "Sitaki kudanganya. Nitajaribu."

Kutoa picha ni jambo moja, kuzimaliza ni jambo jingine. Kwa miezi nilikuwa nikizitafuta zilikonakiliwa, nikiandika barua pepe kwa watu wasionijua, wengine wakijibu kwa adabu, wengine wasijibu. Picha moja ya yule msichana sijafanikiwa kuiondoa mpaka leo. Jina halipo tena, ila uso upo. Kituo cha polisi tulipiga ripoti kuhusu mtu wa pikipiki. Hakupatikana, wala hakuonekana tena. Kwa muda nyanya alikuwa akimsindikiza mjukuu wake shule na kumngoja akitoka, na habari ya mafuta haikutajwa tena nyumbani.

Chakula nacho kilipungua, kama mwalimu mkuu alivyohofu. Siku nyingine jiko halikuwashwa. Baadhi ya wazazi walimsema fundi kwa siri na wengine kwa macho tu, kwamba kwa ajili ya jina lake watoto wao wanashinda njaa. Aliniambia hilo kwa simu, bila kulalamika. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema hapana, ila sasa akija mwisho wa mwezi hupita kwanza shuleni, huacha gunia la mahindi jikoni, halafu ndipo huenda kwa mkewe. Wazazi wengine walianza kufanya hivyo, mmoja kuni, mwingine nazi. Haikutosha kuziba pengo, lakini jiko liliwashwa siku nyingi zaidi. Yule mama wa Diani aliacha ahadi kubwa alizowapa watoto mmoja mmoja, akabaki na chakula tu, akikichangishia kwa barua za maneno peke yake, bila sura za watoto.

Baadaye, wakati nilipodhani nimelielewa jambo hili, alikuja ofisini mama mmoja wa shule ileile. Mwanawe ana kifafa. Alitaka picha yake irudishwe.

"Dawa anazokunywa zilitoka pale," alisema. "Mtu wa mbali aliisoma habari yake akamhurumia. Nyinyi mmeifuta, na sikuulizwa. Kuwekwa sikuulizwa, na kufutwa pia sikuulizwa."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Katika haraka yangu ya kuwalinda watoto nilikuwa nimefanya kama walivyofanya wageni: niliamua juu ya mtoto wa mtu bila kumwita mwenyewe.

Nilimwomba radhi. Nikamweleza kilichompata binti wa fundi, bila kumtaja, naye akasikiliza na kushika shela yake. Kisha tukakaa na kuipanga upya habari ya mtoto pamoja, neno kwa neno. Jina halisi alikataa mwenyewe. Kijiji akasema kisitajwe, wala siku ya kuzaliwa. Ugonjwa akataka utajwe, maana haoni aibu nao. Nilimwuliza mtoto anasemaje, akasema atamwuliza. Alirudi wiki iliyofuata na jibu: mtoto amekubali, ila uso usionekane.

Alikuja na picha alizompiga kwa simu yake, nyingi, akataka tuchague. Tuliegemea mezani tukizipitia, chai ikipoa. Mwisho alichagua ile ambayo mwanawe ameipa kamera mgongo, anakimbilia mpira uwanjani, vumbi limemzunguka miguuni.

"Hii," alisema. "Hapa yuko mzima."