Nilivyomkosea Mzee wa Betri

Miaka ya sabini ikiwa michanga, nilipelekwa Amukura kuwa daktari wa ng'ombe. Kusema kweli sikuwa daktari. Nilikuwa na cheti cha mafunzo ya miaka miwili, sindano kubwa, na sanduku la barafu la kubebea dawa za chanjo. Lakini watu waliniita daktari, nami sikuwakataza. Serikali ilinipa pikipiki pia, iliyokuwa imetumiwa na wawili kabla yangu, nami niliipenda kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yangu. Ilikuwa na kasoro moja tu: bila betri haikuwaka, hata uisukume mpaka Uganda.

Nilikuwa nimeoa miezi michache tu. Mke wangu alikuwa Mteso, mimi Mluhya wa upande wa Nambale, basi nyumbani tulizungumza Kiswahili cha kuokoteza, na kilitutosha.

Betri ilianza kunisumbua baada ya mvua za masika. Asubuhi pikipiki iliwaka vizuri, jioni honi ikawa inakohoa kama mzee mwenye kifua. Siku ya tatu ikazima kabisa. Nilifungua vifuniko nikakuta maji yamepungua, nikaongeza. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe, nikavimwagia maji ya moto yenye magadi na kuvisugua mpaka vikang'aa. Haikusaidia. Nikaifunga betri kwenye gunia, nikapanda basi nayo mpaka Busia, kwa mzee wa betri.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Mumias, mwenye kofia ya kufuma na vidole vilivyobadilika rangi kwa asidi. Duka lake lilikuwa karibu na mpaka, na madereva wa malori waliosubiri karatasi zao walimwachia betri zao azichaji. Alichukua kimrija chake cha kioo, akanyonya maji ya betri yangu kidogo, akatazama kipimo kikizama.

"Imekauka chaji, lakini haijafa," alisema. "Nitaijaza. Ila ukifika nyumbani usiifunge haraka. Iache kwanza siku mbili tatu, tuone kama inamwaga chaji yenyewe au inanyonywa."

"Mzee, mimi nina kazi," nikamjibu. "Ng'ombe hawawezi kuningoja siku tatu."

Jioni hiyohiyo niliifunga. Wiki haikuisha ikafa tena. Nikairudisha, akaijaza, ikafa. Mara ya tatu iliniangusha siku ya chanjo kule Moding.

Watu wa Moding walikuwa wameleta ng'ombe tangu alfajiri, wengine wametembea mwendo mrefu. Mimi nilikuwa nimechukua barafu kwenye friji ya mafuta ya taa ya ofisini, nikafunga dawa vizuri, nikaondoka mapema. Nilisimama Malaba kunywa chai. Kurudi kwenye pikipiki, kimya. Niliisukuma, nikaikimbiza kwenye mteremko, nikaisukuma tena. Nilipofika Moding kwa kutembea, jua lilikuwa utosini, barafu imekuwa maji ya vuguvugu, na dawa haifai tena. Nikasimama mbele ya wale watu na kuwaambia warudi na ng'ombe wao bila chanjo. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu aliniangalia, akashika kamba yake, akageuka. Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliingia dukani kwa mzee nikiwa nimevimba kwa hasira. Madereva wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, na mama mmoja muuza vitenge kutoka upande wa Uganda alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, wewe umenibadilishia betri," nilisema kwa sauti. "Yangu umempa mtu, mimi umenipa mzoga."

Mzee hakupandisha sauti. Aligeuza betri, akanionyesha alama ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeikwaruza kwa msumari.

"Hii ni yako au si yako?"

"Ni yangu," nikasema, lakini hasira haikutoka. "Basi huichaji."

"Nitaichaji tena leo, ukiwa umekaa hapa unaangalia. Halafu ilaze mezani kwako siku tatu, usiiguse. Ukiniletea imekufa, mimi ni mwongo."

Nilikaa mpaka jioni. Sikuaga vizuri.

Siku tatu nilizunguka kwa baiskeli ya kuazima huku betri imelala mezani kwetu, mke wangu akiizungushia sahani wakati wa kula. Siku ya nne niliunganisha taa ndogo. Ikawaka nyeupe kabisa. Chaji ilikuwa palepale.

Niliona aibu, lakini niliiweka kando kwanza. Ikiwa betri ni nzima, basi mwizi yumo kwenye pikipiki. Nikaifunga, nikachuchumaa uani na kufuata waya mmoja baada ya mwingine, nikitafuta palipochubuka. Mke wangu akaniletea chai, akasimama nyuma yangu.

"Daktari," alisema, "hii taa nyekundu ya nyuma, mchana unaiwasha ya nini?"

"Taa gani?"

"Hii hapa. Kila asubuhi ukienda nakuangalia mpaka kwa kona. Inawaka tu."

Niliwasha swichi, nikaja nyuma. Kweli, taa ya breki ilikuwa inawaka, na hapakuwa na mguu wowote kwenye breki. Mtu akiwa ameikalia pikipiki hawezi kuiona. Nikainua kikanyagio kwa vidole.

"Imezima!" akasema. "Umefanya nini?"

Nikaachia. "Imewaka!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati wa matope nilikuwa nimeikaza breki ya nyuma mimi mwenyewe. Kispringi kinachovuta swichi ya taa kilibaki kimevutika tangu siku ile, na taa ikawa inakula betri kutwa nzima.

"Umeiona tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani pikipiki ya serikali ndivyo inatembea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kulegeza swichi kulichukua muda mfupi kuliko kuimaliza ile chai. Wiki iliyofuata nilirudi Moding na barafu ngumu, nikachanja mpaka mkono ukafa ganzi. Yule mama wa ng'ombe mmoja nilimwita awe wa kwanza.

Kisha nikaenda Busia. Mzee alinisikiliza, akapangusa vidole.

"Ulinitukana watu wakiwepo," alisema. "Basi niombe radhi watu wakiwepo."

Dukani palikuwa na madereva wengine, na yule mama wa vitenge. Niliwageukia, uso ukiniwaka. "Mzee huyu hakunidanganya," nikasema. "Nilimsingizia. Kosa lilikuwa langu, nilikaza breki vibaya." Nikamwomba msamaha.

"Yameisha," akasema, na akanimiminia kahawa. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye maneno ya mke wangu kuhusu pikipiki ya serikali alicheka mpaka kofia ikamwendea upande. Mama wa vitenge akauliza, "Na huyo bibi aliyeona, umempelekea nini?"

Sikuwa nimefikiria. Nikachagua kitenge cha rangi ya machungwa, yeye mwenyewe akinisaidia.

Mke wangu alikikunjua, akajifunga, akajitazama.

"Kizuri," alisema. "Lakini mimi nataka unifundishe kuiendesha pikipiki."

Jumamosi tulienda kwenye uwanja wa shule. Alianguka mara mbili kwenye nyasi, akainuka akicheka, akanifukuza nisimshike. Mara ya tatu alizunguka uwanja mzima peke yake, nami nikabaki golini nimeshika viatu vyake.