Mgeni Yuko Njiani

Kabla daktari hajatuambia binti yangu ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia, mimi nilimwita kiguu na njia, na shangazi zake wa Kondoa walimwita mtundu, basi. Daktari akashauri mazoezi ya kila wiki. Haya, tukajaribu netiboli. Wakamrudisha kwa sababu hakuweza kukaa kwenye mstari akisubiri zamu.

Kisha tukapata kikundi cha Jumamosi, uwanja wa vumbi pale mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, watoto wote wa aina yake. Mwalimu wao, dada mmoja mcheshi, hakutaka foleni kabisa. Mtoto akimaliza kukimbia anarusha mpira, akichoka mpira anaruka kamba. Mwanangu akanogewa. Ijumaa analala na raba miguuni! Nilikuwa namvua akishasinzia, nacheka peke yangu.

Sasa sisi wazazi, kwa kupenda makuu, tukataka bonanza, siku nzima ya mashindano na medali. Na Dodoma hii, yenye viongozi kila kona, bonanza bila mgeni rasmi ni la nini? Mwalimu alisita. "Jamani, hawa hawawezi kusubiri." Tukamwambia aache woga, mgeni anafika saa tatu.

Saa tatu ikapita. Watoto wameketi kwenye mistari na fulana mpya, jua linawaka, mshereheshaji anasema mgeni yuko njiani. Saa tano, bado yuko njiani. Mwanangu akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni.

Akanyanyuka. Akauzunguka uwanja peke yake, akarudia tena, na loo, mtoto alikimbia! Hakuna aliyempigia makofi. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba yule asiye na adabu atolewe mashindanoni. Mwalimu alikwenda kumtetea, wazee wa kamati ya bonanza wakamnyamazisha. Nami kwa aibu nikamkalisha kando yangu, nikamshika mabega.

Mgeni alifika saa saba. Watoto wengine wakakimbia, wakavishwa medali, mwanangu akiwatazama.

Tangu siku ile hataki uwanja; mwalimu ameshakuja nyumbani kumbembeleza arudi, wapi. Zile raba sasa zinambana. Inaniuma, nisiseme uongo, inaniuma sana. Jumamosi iliyopita nikajaribu tena.

"Twende mwanangu, ni kucheza tu."

"Mgeni ameshafika?"

"Hakuna mgeni leo."

"Basi nitamsubiri," akasema. Akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, ametulia kama nilivyomkalisha siku ile.