Kamera ya Samaki wa Mama

Nyumbani kwetu Didia, mtu akisema jambo lisiloaminika huambiwa, "Hao ni samaki wa Mzinza." Mzinza mwenyewe ni mama yangu. Alizaliwa Chato kwa Wazinza, kando ya Ziwa Victoria, akaolewa na baba yangu, Msukuma mfugaji, akaletwa huku ambako maji ni ya lambo na samaki ni kambare, au dagaa wa kwenye gunia. Wiki ya kwanza ya ndoa aliwasimulia wakwe zake kwamba kwao, chini ya maji, kuna mawe, na katikati ya mawe hayo wanacheza samaki wadogo wa bluu wenye mikia myekundu. Baba akacheka mbele za watu, akasema, "Jamani, nimeoa mwongo." Shangazi yangu, dada yake baba, akaudaka utani ule, na tangu siku hiyo haujafa. Hata sisi watoto tuliutumia, na mimi niliutumia kuliko wote.

Mwezi wa sita, shule zilipofunga na kazi yangu ya kushona sare ilipopungua, Mama alinijia kwenye cherehani. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tena. "Mama Kulwa," akaniambia, "nataka kwenda kwetu kabla goti hili halijakataa kabisa. Na siku hizi watu wanapiga picha hata ndani ya maji. Tutafute kamera hiyo, niwaonyeshe watu wa huku samaki wangu." Akaongeza, "Kama bado wapo." Nikaona haya. Nilijua ni nani kati ya watoto wake aliyestahili kuifanya kazi hiyo.

Tuliondoka Didia alfajiri, Mama na kitenge chake kipya, mimi na begi, gunia dogo la mchele na chupa ya samli ya ng'ombe wetu. Mkono mtupu haulambwi, na tulikuwa tunakwenda kwa mjomba ambaye hatujamwona miaka mingi. Baba alitusindikiza hadi barabarani. Hakutania chochote, ila alitabasamu, na tabasamu lile Mama aliliona.

Kahama tulifika kabla ya adhuhuri. Mtaa wa Nyahanga nilionyeshwa duka la simu lenye kamera, na humo nikafanya kosa langu la kwanza: niliuliza bei kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Muuzaji akanipima kwa macho, akanitolea tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, inazama mita kumi, na bei yake ilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Ya pili ilikuwa ya plastiki nyepesi, imewekwa ndani ya kasha linaloonyesha, nikaibonyeza kidogo kasha likalia kama ganda la karanga. Ya tatu haikuwa kamera hata kidogo, ulikuwa mfuko wa kutumbukizia simu, unaufunga juu kisha unaingia majini. Ule ndio uliokuwa rahisi kabisa. Lakini simu yangu ina vipimo vya wateja wangu wote, viuno na mabega ya nusu ya Didia, nami sikuwa tayari kuvizamisha. Nikatoka mikono mitupu. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akaniuliza nimepata nini. Nikamwambia nimepata hasira.

Njia ya kutoka Kahama kwenda Geita hupita Kakola, penye wachimbaji, na vumbi lake jekundu liliingia hadi kwenye pindo za nguo. Mama alilala njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu siku: tulikuwa na tano tu, kwa sababu ng'ombe wa Baba hawajikamui wenyewe na baba yangu hakamui kitu.

Geita tulilala nyumba ya wageni, asubuhi tukaenda kwenye duka moja karibu na stendi. Mwenye duka aliitwa Masalu. Zamani alikuwa mchimbaji, na vidole vyake viwili havikunjiki. Alimwamkia Mama kwanza, "Shikamoo mama," Mama akaitikia marahaba. Masalu akamletea kiti, ndipo akanigeukia mimi.

"Dada, kabla ya bei, niambie. Nani ataingia nayo majini, na kina gani?"

Swali hilo Kahama sikuulizwa. Nikajibu kwa kujiamini, "Mjomba wangu atazama nayo. Mita kumi." Mama alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Kumi ni nyingi kwa picha za likizo," Masalu alisema. "Maji ya ziwa ni ya kijani. Ukishuka sana ni giza, hata kamera ya bei gani haitaona kitu. Chukua hii ya mita tano. Imetumika, ina mkwaruzo hapa pembeni, lakini kioo chake ni safi." Ilikuwa ya njano, ndogo, inaenea kiganjani, ina kamba ya mkononi. Akalijaza beseni maji, akakunja karatasi ya chooni, akaiweka ndani penye kijumba cha betri, akafunga kifuniko, akaizamisha. Tulisubiri kwa muda wa kunywa chai. Alipoifungua, karatasi ilikuwa kavu. Akanionyesha mpira mwembamba unaozunguka kile kifuniko. "Uhai wake wote uko hapa. Mchanga usiingie, unywele usiingie. Chini kwenye duara tulikuwa tunasema, maji hupita penye ufa usiouona." Duara ni shimo la wachimbaji, na niliona alikuwa anasema jambo analolijua. Bei yake niliimudu. Nilimshukuru mpaka akacheka.

Chato tulifika jioni ya siku hiyohiyo, jua bado lipo. Mjomba Bwire, mdogo wake Mama, ni fundi wa kukarabati mitumbwi. Alitupokea na patasi mkononi, akaiangusha, akamkumbatia dada yake. Tulipokula, Mama akamuuliza habari za samaki wa mawe. Mjomba akakuna kichwa.

"Wale furu? Dada, sitaki kukudanganya. Sangara amewala wengi. Mimi mwenyewe sijatazama huko chini tangu ujana. Samaki ninaowaona ni wale walio kwenye karai."

Mama hakumaliza ugali wake.

Asubuhi yake niliamka mapema, nikaitoa kamera niitayarishe. Vumbi la Kakola lilikuwa limekwama kwenye begi na kidogo kwenye ule mpira. Nikaufuta. Nikauona mkavu, kama umechoka. Sasa, mtu aliyelelewa na wafugaji akiona kitu kikavu anajua dawa yake. Kwetu samli hupakwa kisigino kilichopasuka, bawaba inayolia, ngozi ya ngoma, hata mnyororo wa baiskeli. Nikafungua chupa ya zawadi, nikachota kwa kidole, nikaupaka ule mpira wote vizuri, nikajisifu.

Tukaenda ziwani, kwenye ghuba ndogo yenye mawe ambako watu huoga. Mjomba alikagua maji kwanza, akasema hapo mamba hawajaonekana siku nyingi ila tuwe macho. Akazama na kamera. Aliibuka, akanipa, akasema, "Mpwa wangu, imezima." Nilifungua kifuniko, maji yakadondoka. Asubuhi ile ya baridi samli ilikuwa imeganda vipande vipande, ikashika mchanga, na kifuniko hakikukaa sawasawa.

Sijui kama nimewahi kujichukia vile. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu wake umenyooka mbele. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, turudi tukapike." Ningefurahi kama angenigombeza.

Siku ya nne, gari la kwanza lilinirudisha Geita peke yangu. Njiani nilipanga uongo wa kumwambia Masalu, kwamba imezima yenyewe. Nilipofika aliichukua, akaifungua, akainusa. Akanitazama.

"Dada. Hii kamera inanuka samli."

Uongo wangu ukaishia hapo. Nikamweleza yote, mpaka habari za Mzinza na baba yangu na utani wa miaka yote ile. Alicheka hadi akashika meza, kisha akaacha kucheka. "Na mimi ni Msukuma," alisema. "Mama yangu alinipaka samli mpaka masikioni. Kaa." Aliutoa ule mpira kwa kibanio, akauosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akasugua kijumba cha betri kwa mswaki, akakipuliza, akakiweka juani. Betri ilikuwa imekufa. Akatafuta nyingine kwenye boksi la vitu vilivyoharibika. "Sikuahidi kitu," alisema. "Tutaiweka kwenye beseni saa nzima. Ikitoka kavu, Mungu amekupenda."

Saa ile niliimaliza kwa kuomba. Ilitoka kavu, ikawaka. Nilipofungua pochi alinikataza. "Hii siyo kazi, hii ni ya mama. Ukipata mchele mzuri wa Didia, nikumbuke." Kaka Masalu, popote ulipo unaposoma haya, nakushukuru tena, na mchele uliupata.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, kwa sababu Masalu alisema wakati huo ndipo mwanga hushuka vizuri, tulikuwa tena kwenye yale mawe. Jioni yake tulitakiwa kuanza safari ya kurudi. Mjomba alizama mara ya kwanza, tukatazama kwenye kioo kidogo: kijani kitupu. Mara ya pili: mguu wake mwenyewe. Mara ya tatu: jiwe, utelezi, na hakuna kiumbe. Alitoka anahema. Ni mtu mzima naye. "Dada," alisema taratibu, "nadhani wamekwisha."

Mama akasimama. Akakaza kitenge kifuani, akashika bega langu, akaingia majini. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Pale penye jiwe lenye mgongo akasimama, akanyoosha mkono. "Lete."

"Mama, goti lako."

"Lete kamera. Mnawakimbiza. Mimi nilikuwa nafulia hapa, na hawa walikuwa wanakuja kula ukoko wa sufuria. Hawapendi mtu anayerukaruka."

Aliishusha kamera chini ya maji, hata kiwiko hakikulowa chote, akatulia. Mimi nilikuwa nimemshika kiunoni, nasikia anavyopumua. Alibonyeza mara moja, akatulia, akabonyeza tena. Muda ulipita mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Kisha akaniinulia kamera bila kuitazama.

Picha ya kwanza, jiwe. Ya pili, jiwe. Ya tatu, pembeni mwa jiwe, kuna kitu. Niliweka mkono juu ya kioo nizuie jua. Alikuwa samaki mdogo, urefu wa kidole, wa bluu, na mkia wake ni mwekundu. Picha ya nne walikuwa watatu.

Nililia pale majini, sioni hata haya kulisema. "Mama, nisamehe."

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Ulifuata walichosema wakubwa."

Mjomba alikuwa amejifuta uso, akaichukua kamera, akazitazama zile picha. Nikakumbuka dukani, nikamuuliza Mama, "Ulijua ni maji ya magotini. Mbona Geita hukusema, nikaenda kuropoka mita kumi?"

"Hukuniuliza."

Njiani kurudi nilikuwa na muda wa kulitafakari jibu hilo, na kwa faida ya msomaji anayetaka kamera ya namna hii, niseme nilichojifunza. Usianze na bei, anza na maji yako: ni ya kina gani na yana mwanga kiasi gani. Kwa maji ya magotini hata ule mfuko wa Nyahanga ungetosha, kama simu yako haina viuno vya watu. Ijaribu kwa beseni na karatasi kavu mbele ya muuzaji, na uijaribu tena kila unapoifungua. Mpira uoshwe kwa maji safi tu. Samli ni ya ugali. Lakini zaidi ya yote, kabla hujaenda dukani, muulize anayekupeleka huko, maana mimi nilisafiri siku nzima na mtu aliyejua kila kitu, sikumuuliza hata swali moja.

Didia tulifika mchana wa siku iliyofuata. Nilihamisha picha kwenye simu yangu, nikampa Baba. Alivaa miwani. Alitazama, akaitoa miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akamtuma mtu akamwite shangazi na majirani wa karibu, nao walipokaa uani, akasimama. Baba yangu si mtu wa kusimama.

"Wiki niliyooa," alisema, "nilimwita huyu mwongo mbele za watu. Mwongo nilikuwa mimi. Ninalisema mbele za watu." Akamgeukia Mama, akamwambia kwa Kisukuma, "Wabeja," yaani asante, akakaa.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyetania. Mama alikuwa ametazama chini, anavuta pindo za kitenge, kisha akaanza, kwa sauti ndogo, kusimulia: kwamba samaki hao mwanamke akienda kufua na sufuria ya ugali, huja kwanza mmoja, kama aliyetumwa kuchungulia. Akasita, kama mtu aliyezoea kukatwa hapo.

Shangazi akasogeza kigoda chake karibu. "Halafu," akauliza, "wakafanyaje?"