Visawe vya kompyuta vilinifanya nitoe ushahidi wa uongo kumhusu mjukuu wangu

Alhamdulillahi, sifa zote ni za Mola aliyenipa umri wa kukosea na nafasi ya kurekebisha.

Wakuu, asalaam aleikum, na heri kwa wa imani zote. Haya yamenipata mwenyewe. Siongezi neno, maana kuongeza ndiko kulikoniponza.

Mjukuu wa dada yangu, binti aitwaye Mwanahamisi, wa Mzenga kule Kisarawe, aliomba kazi ya ulezi kwenye kituo cha watoto wachanga hapa Kibaha. Wakataka barua ya mdhamini, kwa Kiingereza. Akanifuata nyumbani Pangani, hapahapa Kibaha.

Niliandika ninachokijua: amemsaidia shangazi yake kulea, ana "some experience", uzoefu kiasi, yuko "good with babies", anawaweza wachanga.

Nikaisoma, nikaiona nyembamba.

Basi nika-right-click neno, nikafungua Synonyms, yaani visawe. Ikashuka orodha. "Good" nikaigeuza "skilled", mwenye ujuzi. Nikabofya na hiyo nayo, nikaishia kwenye "expert", bingwa kabisa. "Some" ikanitia aibu, nikaweka "extensive", uzoefu mpana.

Nilifurahi, wakuu. Nikaenda kuprinti mtaa wa Kwa Mathias, nikasaini, Mwanahamisi akaipeleka.

Ijumaa, nimetoka msikitini, msimamizi wa kituo akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Barua yako imetumaliza! Jumatatu Mwanahamisi anashika chumba cha wachanga. Watoto sita, peke yake."

Nikaitika marahaba, nikakata simu. Nikampigia Mwanahamisi.

"Mtoto akipaliwa na maziwa unafanyaje?"

"Si namwita shangazi, Babu!"

"Na shangazi hayupo?"

Akaanza kunisihi, "Babu, usiwaambie. Mama ameshatangaza Mzenga nzima."

Nikisema, binti anakosa kazi. Nikinyamaza, mtoto wa watu anaweza kufia mikononi mwake, na saini ni yangu. Niliswali siku zile lakini moyo haukutua.

Jumatatu nilifika getini kabla hawajafungua. Nikampa msimamizi barua mbili, ya mwanzo niliyoiandika upya na nakala ya ile niliyoipamba, nikamweleza habari ya kompyuta.

Akasoma taratibu. Mwanahamisi alisimama mlangoni, macho chini.

"Mzee, ipi ya kweli?"

"Ya mwanzo."

"Na hii kaandika kompyuta?"

"Hapana, mwanangu. Kompyuta ilileta orodha tu. Kidole kilichobofya ni changu."

Akaichana ile iliyopambwa.

"Chumba hapewi. Ataanza chini ya mlezi mkubwa, miezi mitatu, nimwone. Hataki, arudi nyumbani."

"Nataka," Mwanahamisi akajibu upesi, bila kunitazama.

Mpaka leo shikamoo yake kwangu ni fupi. Naivumilia. Watoto sita wale wanalala salama, nami nalala.

Nilichojifunza: ukimdhamini mtu, andika ulichokiona kwa macho yako. Neno kubwa likikujia kwa urahisi, liogope.

Wenzangu mliowahi kuandika barua kama hizi, mlifanyaje? Nielezeni, hata kunikosoa ruksa.

Aliyesoma mpaka hapa, Mungu aulinde ulimi wake na mkono wake, na awahifadhi watoto wake. Amin.