Kamba ya Brites wa Alcarim

Brites Anes alizaliwa chini ya ngome ya Alcarim, mwaka ule Wakastilia wa ng'ambo walipovuka mto Guadiana na kuuchoma mji. Mama yake alijifungua kwenye ngazi za ngome huku majivu yakiwadondokea. Labda ndiyo maana Brites alikuwa mtu wa pupa, wa kujibu kabla hajaulizwa.

Aliolewa na msokota kamba, akaijua kazi, na mume alipokufa kwa homa akaendelea nayo mwenyewe. Alisokota akienda kinyumenyume kando ya ukuta, nyuzi zikimtoka kiunoni, watu wakimtania kwamba mjane yule hajawahi kwenda mbele.

Vita vilipokwisha, Alcarim na mji wa Kastilia wa ng'ambo vikakubaliana kuwa na pantoni moja, ivutwe kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Brites nusura apae! Akamkimbilia mkuu wa ngome, Nuno Fogaça.

“Bwana mkuu, kamba hiyo niachie mimi.”

“Wewe sokota za kufungia mbuzi, Mama Brites. Hii ya mto inatoka Lisboni.”

Ilipofika, Brites aliifumua kidogo, akainusa. “Imeoza ndani hii! Imelala kwenye maji.”

“Wivu tu,” akacheka Lourenço Gil, nahodha wa pantoni. “Utaninusa na mimi?”

“Wewe harufu yako naisikia kutoka hapa hapa.”

Watu wakaangua kicheko, lakini kamba ikafungwa.

Siku ya gulio la kwanza mto ulikuwa umefura. Mji mzima ulipanda ukutani kutazama. Pantoni ikaja na Wakastilia ishirini, nyumbu wanne, matenga ya jibini na mpiga zumari. Watu ambao baba zao walirushiana mishale sasa walipungiana vitambaa! Brites alishangilia mpaka sauti ikamkauka, kamba aliyoichukia akaisahau kabisa.

Katikati ya mto kamba ikalia kama mjeledi, ikakatika. Zumari likanyamaza. Pantoni ikageuka ubavu, ikaanza kuchukuliwa na maji.

Brites alikuwa keshaondoka. Alijua pale mto unapopinda, maji hupita yakiusugua mnara wa chini, ule wa kuchotea maji ngome ikizingirwa. Na humo kulikuwa na kamba ya ndoo aliyoisokota mwenyewe.

“Nipisheni!” Akampiga kikumbo mkuu wa ngome, akateremka ngazi mbili mbili. Akafunga ncha moja kwenye pete ya chuma ukutani, na pantoni ilipokaribia akairusha ndoo. Ikaangukia majini, mbali na pantoni. Akaivuta haraka.

“Lourenço! Shika ndoo, we mpumbavu!”

Safari hii ndoo ikapita juu ya kichwa cha Lourenço, ikadakwa na muuza jibini mmoja Mkastilia, mwanamke wa miraba minne aitwaye Mencía. Lourenço akaizungusha kamba kwenye nguzo. Ikanyooka, ikakamuka maji, ikalia. Ikashika!

“Vuteni!” akapiga kelele Fogaça, naye akawa wa kwanza kuvuta. Pantoni ikasogea hatua kwa hatua mpaka ikagonga mnara. Nyumbu mmoja alikwenda na maji. Watu walitoka wote, wamelowa, wanalia, wanacheka.

Mencía akamkumbatia Brites nusura amvunje mbavu. “Umeisokota wewe hii, dada?”

“Mimi! Kwa mikono hii!”

Fogaça akavua kofia. “Mama Brites, nilikosea. Mto ni wako.”

Kwa miaka ishirini na tisa kamba ya mto ilitoka mikononi mwake, na haikukatika hata mara moja. Iliponyooshwa ya kwanza, alivuka kwa pantoni, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja, hajawahi kukanyaga ng'ambo. Walipiga soga na Mencía mpaka pantoni ikamwacha, akalala huko huko. Kesho yake alirudi amekumbatia jibini zima, majirani wakamzunguka: je, wakoje hao watu?

“Wanakoroma kama sisi,” akasema Brites, akaanza kuwakatia vipande.